Kuomba Mwongozo Tukiwa Tumekwisha Kufunga Mizigo

Katika kikundi cha ushirika ninachokiongoza huku mtaa wa Umoja, Nairobi, ombi linaloletwa mara nyingi kuliko yote si la uponyaji wala la fedha, ingawa hayo nayo hayakosekani. Ni ombi la kuongozwa. Mtu husimama, husalimu kwa "Bwana asifiwe," hutuambia kwamba ameokoka na anampenda Yesu, kisha huomba tumkumbuke kwa sababu kuna jambo lililo mbele yake na angependa Mungu amwonyeshe njia. Jambo lenyewe huwa ni kazi ya Doha au Riyadh, kiwanja cha Joska au Kitengela, mchumba, mkopo wa chama cha akiba, shule ya mtoto, au, siku hizi zaidi, mpango wa kuanzisha huduma yake mwenyewe. Sisi hushikana mikono tukaomba. Nimesimama katika duara hilo kwa muda wa kutosha kutambua kwamba wengi wetu, tunapofika mahali pa kuomba mwongozo, tumekwisha kuamua.

Kiburi huhubiriwa sana hapa Nairobi, lakini huhubiriwa kana kwamba ni ugonjwa wa watu wengine. Mhubiri akikitaja, macho yetu huelekea kwa mheshimiwa aliyechelewa kufika ili aonekane akiingia, au kwa mgeni wa heshima ambaye mchango wake wa harambee lazima utangazwe mara mbili. Mwezi Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipokataza wanasiasa kuhutubia katika ibada za Kanisa la Anglikana, tulishangilia, na nadhani tulikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, kiburi cha namna hiyo ni rahisi kukitambua kwa sababu kinasimama na kushika kipaza sauti. Kinachonishughulisha mimi ni kile kinachopiga magoti, kinachofunga macho, kinachofunga na kuomba, na ambacho huondoka mahali pa maombi kikiwa na mpango ule ule kiliokuja nao, isipokuwa sasa mpango huo unaitwa mapenzi ya Mungu.

Sijui sura za Biblia zinazolieleza jambo hili kwa ukali kuliko Yeremia 42 na 43, nazo ni sura ambazo hazihubiriwi sana katika mimbari zetu. Yerusalemu ulikuwa umeanguka, hekalu limechomwa, na mfalme Sedekia amepelekwa Babeli akiwa ametobolewa macho. Wababeli walimweka Gedalia awe liwali juu ya mabaki ya watu, makao yake yakiwa Mispa, naye akauawa na Ishmaeli, mtu wa ukoo wa kifalme. Waliosalia waliogopa kwamba Wababeli wangelipiza kisasi bila kuchagua mwenye hatia na asiye na hatia, hivyo Yohanani mwana wa Karea na maakida wenzake wakawakusanya watu na kuondoka nao. Ndipo wote, mdogo kwa mkubwa, walipomwendea Yeremia na kumsihi awaombee, ili Mungu awaonyeshe njia ya kuiendea na jambo la kutenda. Wakaapa, Bwana akiwa shahidi yao, kwamba wangetii neno lolote ambalo lingekuja, liwe jema au liwe baya.

Ukilisoma ombi hilo peke yake utadhani umekutana na watu wanyenyekevu kuliko wote katika Agano la Kale. Lakini mwandishi amekwisha kutuambia, mwishoni mwa sura ya 41, mahali walipokuwa wamepiga kambi: Geruth-Kimhamu, karibu na Bethlehemu, kwa nia ya kuingia Misri. Mispa uko kaskazini ya Yerusalemu na Bethlehemu uko kusini. Kwa hiyo walipokuwa wakimwomba nabii awaulizie njia, walikuwa wamekwisha kuupita mji ulioharibiwa, nyuso zao zimeelekea kusini, wake na watoto wao wako pamoja nao. Walichotaka kutoka kwa Mungu kilikuwa baraka ya safari.

Jibu halikuja siku ile. Yeremia alikuwa nabii kwa takriban miaka 40, tangu mwaka wa kumi na tatu wa mfalme Yosia, na bado alingoja siku kumi kabla ya kusema lolote. Nimezitafakari sana siku hizo kumi, kwa sababu katika mji huu nabii akichelewa kwa dakika kumi tu watu huanza kutazama saa, na wako watumishi ambao hawajawahi kukosa neno la papo hapo kwa mtu yeyote aliyepanga foleni. Yeremia hakuwa na neno, basi alinyamaza, nao walioapa wakakaa kambini wakingoja. Sina shaka kwamba hofu yao ilizidi kila jioni, na kwamba kila jioni Misri ulionekana kuwa na busara zaidi.

Neno lilipokuja liliwaambia wabaki katika nchi yao na wasimwogope mfalme wa Babeli. Tena liliwaambia kwamba wakienda Misri, upanga na njaa waliyokuwa wakiikimbia ingewafuata huko huko. Walijibu kwamba Yeremia anasema uongo. Hapo ndipo Maandiko yanapowaita, kwa mara ya kwanza katika habari hii yote, watu wenye kiburi. Hawakuitwa hivyo walipokuwa wakiomba, wala walipokuwa wakiapa, wala katika zile siku kumi za kungoja. Kiburi chao hakikuwa na jina mpaka jibu lilipokuwa kinyume na walivyotaka. Pia hawakukubali kwamba wanabishana na Mungu. Walisema kwamba Baruku mwana wa Neria, mwandishi wa nabii, ndiye aliyemchochea. Tabia hiyo tunaifahamu vizuri. Mchungaji akitoa ushauri usiotupendeza, hatusemi kwamba tumemkataa Mungu; tunauliza ni nani aliyempelekea maneno, na kwa kawaida hupatikana mtu wa kulaumiwa, mara nyingi mke wake.

Mwisho wa habari hiyo ndio unaonitisha zaidi. Walikwenda Misri, wakafika Tahpanesi, na walikwenda pamoja na Yeremia na Baruku. Mtu anaweza kukataa neno la nabii na bado akambeba nabii katika msafara wake.

Mimi ni mhasibu, na kila mwezi huja mtu mezani pangu na hati ya malipo akiomba niidhinishe fedha ambazo zimekwisha kutumika. Huja kwa adabu nyingi sana, huita kila mtu bosi, lakini saini anayoitafuta haiwezi kuzuia chochote. Maombi yetu mengi ya kuongozwa yako hivyo. Ignasio wa Loyola, yule askari Mhispania aliyejeruhiwa mguu kule Pamplona mwaka 1521 na kisha akaanzisha shirika la Wajesuiti, aliliona jambo hili waziwazi, na wale waliowahi kufanya mafungo katika kituo cha Mwangaza upande wa Karen huenda wameelekezwa kutafakari mfano wake wa watu wa aina tatu. Kila mmoja wao amepata dukati 10,000, yaani sarafu za dhahabu za zamani, si kwa wizi, lakini pia si kwa ajili ya upendo wa Mungu peke yake, na kila mmoja anahisi kwamba moyo wake umefungwa na fedha hizo. Wa kwanza anatamani kuwa huru, ila hafanyi lolote mpaka saa ya kufa inamkuta. Wa pili anataka kuwa huru huku akibaki na fedha, ili Mungu aje pale ambapo yeye anataka kuwa. Wa tatu anataka tu kuwa huru na shauku yake, na yuko tayari kubaki nazo au kuziacha, kutegemea lile litakalomtumikia Mungu vizuri zaidi. Mimi ni Mwanglikana na sina desturi ya kujifunza kwa Wajesuiti, lakini yule mtu wa pili namfahamu. Huja kikundini kwetu kila Alhamisi. Hata si mtu mbaya. Anampenda Mungu kwa kweli, hutoa zaka, hukesha, na kama ungemwambia kwamba ana kiburi angeshangaa kwa dhati.

Kauli ambayo mtu huyo huitumia kufunga mjadala ni "Mungu ameniambia." Sikatai kwamba Mungu husema. Ninachokataa ni jinsi ambavyo kauli hiyo imegeuzwa kuwa ukuta ambao hakuna ndugu anayeruhusiwa kuupanda. Kijana anayegombana na uongozi wa kwaya kuhusu nani aimbishe siku ya Pasaka, baada ya miezi michache hutangaza kwamba Mungu amemwita aanzishe kanisa, na kufikia mwisho wa mwaka kuna hema jipya na vipaza sauti kando ya barabara ya Kangundo. Ukithubutu kumuuliza kama wito huo ungalikuja endapo angepewa nafasi ya kuimbisha, utaambiwa kwamba unapigana na mpakwa mafuta wa Bwana. Huenda ameitwa kweli. Baadhi ya makanisa mema katika mji huu yalianzia katika hema. Lakini yeye mwenyewe hana njia ya kujua, kwa kuwa amekwisha kuwafukuza wote ambao wangeweza kumsaidia kupambanua.

Mtume Paulo alikuwa na haki ya kusema "Mungu ameniambia" kuliko sisi sote, na ninaona jinsi alivyoitumia haki hiyo kwa kiasi. Katika Matendo 16 anataka kuhubiri katika Asia na Roho Mtakatifu anamkataza. Anajaribu kuingia Bithinia na hapewi ruhusa. Anashuka hadi Troa akiwa ameishiwa na mipango yake yote miwili. Usiku anaona maono ya mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie. Maono yalikuwa ya Paulo peke yake, lakini mstari unaofuata unasema kwamba ni wao, wote pamoja na Luka anayesimulia, waliokuwa na hakika kwamba Mungu amewaita. Yaani mtume alisimulia aliyoyaona, wenzake wakayapima, wakakubaliana, ndipo wakatafuta chombo cha kuvuka. Na hawakufikia mafanikio ya haraka huko Filipi; walifikia viboko na mikatale. Mtu ambaye angepima mwongozo wa Mungu kwa matokeo ya wiki za kwanza angesema walikosea njia.

Habari za Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu aliyekuwa na ukoma, zinalifikisha jambo hili mahali penye maumivu. Kiburi chake hakikuwa cha kumkataa Mungu, kwani alikuwa amesafiri kutoka Shamu hadi Israeli akitafuta msaada wa Mungu wa Israeli, akiwa na talanta kumi za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mivao kumi ya nguo. Alichokataa ni namna alivyoambiwa. Nabii Elisha hakutoka hata nje kumsalimu. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba katika Yordani. Tena ukiangalia mlolongo wa waliomwongoza mtu huyu mkubwa, unaanza na msichana mdogo aliyetekwa nyara ambaye hata jina lake halikuandikwa, na unaishia kwa watumishi wake mwenyewe ambao walimwendea kwa upole na kumwambia kwamba kama nabii angemwagiza jambo kubwa angelifanya. Sisi Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Naamani nusura arudi kwao na ukoma wake kwa kutosikia la mdogo.

Katika kikundi chetu alikuwako mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuongoza idara serikalini, ambaye alitaka kuweka malipo yake yote ya kustaafu katika ujenzi wa nyumba za kupangisha. Alileta ramani, alileta makadirio, akatuomba tumshukuru Mungu pamoja naye kwa kumfungulia mlango. Mweka hazina wetu ni mama anayeuza mitumba Gikomba, mtu ambaye amewahi kuunguliwa na bidhaa katika mioto ya soko lile na kuanza tena. Alimuuliza, "Mzee wangu, samahani kwa kukuuliza, na mama watoto anasemaje?" Kimya kilichofuata kilitosha. Mzee alikasirika, si kwa sababu swali lilikuwa baya, bali kwa sababu ya mtu aliyeliuliza; baadaye alinieleza mwenyewe, kwa uaminifu ambao niliustahi, kwamba alijisikia kama anakaguliwa na mtu ambaye zamani asingeruhusiwa kupita kwa katibu wake. Alikosa kuja kwa muda mrefu. Kisha akarudi, amekaa na mkewe, amebadili mpango, wakachukua sehemu ndogo tu ya fedha ile na kujenga nyumba moja kijijini.

Watu ninaowasimulia habari hii huniuliza kama ule mradi wa kwanza ungalimletea hasara. Sijui. Hakuna jengo lililoporomoka, hakuna mkandarasi aliyetoroka, na inawezekana kabisa kwamba leo angekuwa na kodi nzuri inayoingia kila mwezi. Ninaitaja habari hii kwa sababu hiyo hasa. Tumezoea shuhuda ambazo utii hulipwa mbele ya macho ya wote: ndugu alikataa kupanda matatu fulani na matatu ile ikapinduka, dada aliacha kazi kwa imani na akapata mshahara mara mbili. Shuhuda kama hizo huweza kuwa za kweli, nami huzifurahia, ila zimetufundisha kwamba kujitoa kwa Mungu ni njia nyingine, yenye werevu zaidi, ya kupata tulichokitaka. Mzee yule hakupata uthibitisho wowote. Alichopata ni mke ambaye sasa huzungumza katika nyumba yake, na hilo yeye mwenyewe hulihesabu kuwa kubwa, ingawa si ushuhuda ambao ungekufanya ualikwe kuzungumza katika mkutano wa injili.

Kule Gethsemane hali ilikuwa hivyo hivyo, kwa uzito ambao siwezi kuulinganisha. Bwana wetu aliomba kikombe kimwepuke. Hakujifanya kwamba hana analolitaka. Akasema, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe," na kikombe hakikuondolewa. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaofikiri kwamba unyenyekevu ni kuua hamu zote na kumwambia Mungu kwamba lolote ni sawa tu. Mtu anayesema lolote ni sawa mara nyingi anaogopa kukataliwa, na kujilinda namna hiyo nako ni kiburi. Yesu alitaja alilolitaka, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, kisha akaliacha mikononi mwa Baba. Ombi ambalo halikutajwa haliwezi kukabidhiwa.

Bibi yangu, aliyeokoka katika uamsho wa Afrika Mashariki, angekuwa na subira ndogo na maelezo yangu marefu. Uamsho ule ulianzia Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya katika miaka ya 1930, na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, unaimbwa hata leo na watu ambao hawajui neno jingine la Kiganda. Ndugu wa uamsho walikuwa na desturi ya kutembea katika nuru: mtu alisimama mbele ya wenzake na kutaja dhambi yake kwa jina lake, hasira kama hasira, wivu kama wivu, na wenzake walikuwa na ruhusa ya kumwambia wanachokiona. Mwalimu mkuu aliambiwa na mpishi wa shule, mmisionari aliambiwa na mtunza bustani, na katika Kenya ya wakoloni hilo lilikuwa jambo zito. Sitaki kuupamba uamsho huo kupita kiasi. Kuungama hadharani nako kulizaa mashindano ya kuungama, na baadhi ya vikundi vyake baadaye viligawanyika juu ya mavazi na madeni, kila upande ukiwa na uhakika kwamba wenyewe ndio wanyenyekevu. Lakini kuna kitu walichokuwa nacho ambacho makanisa yetu makubwa ya viti vya plastiki na skrini hayana: hakuna aliyeweza kuongozwa na Mungu kwa siri.

Nimesita kabla ya kuandika sehemu inayofuata, kwa kuwa najua kwamba maneno yale yale ya kujitoa, kuachilia na kunyenyekea yametumika kuwaangamiza watu. Mwezi Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na zaidi ya miili 400 ilipatikana, mingi ikiwa ya watu walioelekezwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Baada ya hapo hakuna mwalimu wa Neno nchini Kenya mwenye ruhusa ya kuhubiri juu ya kusalimisha nia yetu bila kueleza kwa nani. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, anaagiza tunyenyekee chini ya mkono wa Mungu ulio hodari, lakini mistari michache kabla ya hapo amewaagiza wazee wa kanisa wasijifanye mabwana juu ya watu waliowekwa chini yao. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Kiongozi anayekutaka umtii yeye bila swali, akutenge na ndugu zako, na akuambie kwamba shaka yako ni ya shetani, hakuongozi katika unyenyekevu. Anakitumia kiburi chake kukinyamazisha kila kilicho ndani yako, pamoja na kile ambacho Roho wa Mungu angekitumia kukuonya. Kwa maoni yangu, dalili moja ya kwamba ni Mungu anayekuongoza ni kwamba wanaokuzunguka wamebaki na uhuru wa kukuuliza.

Ndiyo maana katika kikundi chetu tulibadili utaratibu. Anayeomba aombewe mwongozo huulizwa kwanza kama kuna lolote ambalo amekwisha kulilipia, kulisaini au kuliahidi, kwa sababu kama lipo tutaomba kwa namna nyingine, ya kuomba rehema na hekima, wala si ya kuomba mwongozo. Kisha huulizwa atuambie, kwa sentensi moja, jibu ambalo hangependa kulisikia. Wengi hushindwa kwenye swali hili la pili. Dada mmoja aliyekuwa ameposwa alikaa kimya, akacheka, kisha akasema kwamba jibu asilolitaka ni "ngoja," na kwamba mpaka tulipomuuliza hakuwa amejua. Hatutoi uamuzi kwa ajili ya mtu. Hilo tumelikataa kabisa, na kila mtu hurudi nyumbani na jambo lake mwenyewe. Tunachofanya ni kusikiliza, kuuliza, kusoma Neno pamoja na kungoja, na muda wa kungoja haupungui siku kumi, jambo ambalo vijana wetu hulitania lakini hulishika. Yakobo anasema katika sura ya 4 kwamba badala ya kutangaza kuwa tutaingia katika mji fulani, tufanye biashara na kupata faida, tungesema kwamba Bwana akipenda tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi. Tulikuwa tukiyasema maneno hayo mwishoni mwa kila tangazo. Sasa tunajaribu kuyasema mwanzoni, kabla ya mtu kulipa amana.

Utaratibu huo sasa umenifikia mimi. Kasisi wetu amependekeza kwamba uongozi wa kikundi hiki ukabidhiwe mtu mwingine, mwenye umri mdogo, na kwamba mimi nihamie katika kamati ya ujenzi, ambako wanahitaji mhasibu na ambako, nisifiche, hakuna anayenisikiliza nikifundisha. Nimemwomba anipe muda. Nimeliweka jambo hilo mbele ya kikundi kama ambavyo ningemtaka mwingine yeyote aliweke, nikawaambia kwamba sijajibu, sijaahidi, na kwamba jibu nisilolitaka ni lile la kwenda kuhesabu mifuko ya saruji. Mama wa Gikomba ndiye anayeongoza mazungumzo hayo, kwa kuwa si haki mimi niyaongoze. Alhamisi iliyopita aliniuliza kama ningali nikiipenda kazi ya kufundisha hata kama wanafunzi wangekuwa wawili tu, na hawanijui. Nikamwomba anipe hadi Alhamisi ijayo.